Akikosea Nyumbani, Akimbilie Wapi?

Swali hili sikulitafuta. Lilinikuta uani, Jumamosi saa nne asubuhi, nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni, nikiwatazama watoto wa wapangaji wakicheza shule.

Mwalimu alikuwa binti wa chumba cha tatu, miaka tisa, kashika mwiko. Wanafunzi walikaa juu ya matofali. Kwenye ukuta wa choo alikuwa ameandika kwa mkaa: ba be bi bo bu. Wakaimba wote, mara mbili, mara tatu. Kisha ikafika zamu ya binti yangu kusoma peke yake. Wakati huo ana miaka sita, na wiki hiyohiyo alikuwa amenisomea safu nzima ya gazeti juu ya bei ya mafuta ya taa, akaniuliza "ruzuku" ni nini. Basi akautazama ukuta, akajikuna kichwa, akasema: "Ba... be... sijui, mwalimu." Akachapwa kofi la mwiko kiganjani, la utani, watoto wakaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote.

Nikameza povu la dawa ya meno.

Ndugu msomaji, pengine utasema ni mchezo tu wa watoto. Na mimi nilijiambia hivyo nikiwa napiga mswaki. Lakini mtu anayejua kusoma anapojifanya hajui, tena kwa furaha namna ile, kuna kitu anakikimbia. Na mwalimu wake wa nyumbani, kwa mwaka mmoja na nusu, alikuwa mimi.

Nieleze tulifikaje hapo. Mimi ni msahihishaji katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Nasoma makosa ya watu ili nipate ugali. Kazi yangu ni ya usiku, kwa hiyo mchana nipo nyumbani wakati wanaume wenzangu wa mtaa huu wa Temeke wako kazini au kijiweni. Mama mtoto anauza vitenge sokoni, anatoka alfajiri. Huyu mtoto alianza kusoma hata hatujui nani alimfundisha. Alikuwa na miaka minne. Alisoma karatasi iliyofungia maandazi, akasoma maandishi ya kanga kwenye kamba ya nguo, akasoma ubavuni mwa daladala, halafu siku moja akamwambia Mangi wa dukani kwamba chenji imepungua shilingi mia mbili. Imepungua kweli.

Tulimpeleka chekechea. Alikaa wiki tatu. Mwalimu wake, dada mmoja mpole aliyechoka, aliniita pembeni akaniambia mtoto anawavuruga wenzake; wengine wanaimba a e i o u, yeye anataka kujua kwa nini "ng'ombe" ina kile kialama. Sikumlaumu yule dada. Nilihesabu vichwa mle ndani, nikafika sitini na kitu, nikaacha. Nikamrudisha mtoto nyumbani, nikanunua ubao wa mbao, nikaupigilia misumari ukutani juu ya kitanda chake. Nikajiona mwanamume.

Hapo ndipo kile kitabu kiliponiingia kichwani. Nilikipata kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandika chini kule Posta: maisha ya John Stuart Mill, yameandikwa na yeye mwenyewe, yakachapishwa mwaka 1873, mwaka uleule aliokufa. Wengi wetu tulikaririshwa jina lake shuleni kama mtu wa uhuru na wa furaha ya walio wengi, basi. Hatukuambiwa kwamba mtu huyu hakusoma shule. Alizaliwa London mwaka 1806, na baba yake, James Mill, alimfundisha mwenyewe nyumbani. Kigiriki alianza ana miaka mitatu. Kilatini akiwa na minane. Walikaa meza moja: baba anaandika historia yake nene ya India, mtoto anasoma Kigiriki kando yake. Kamusi za Kigiriki za wakati ule zilitafsiri kwa Kilatini, na mtoto Kilatini alikuwa bado hajajifunza, kwa hiyo kila neno asilolijua ilibidi amuulize baba. Baba hakuwa mtu wa subira hata kidogo, lakini alikubali kukatizwa kazi, neno kwa neno, na kitabu chake akakimaliza. Mwaka 1817, kitabu kilipokuwa mitamboni, mtoto wa miaka 11 alimsomea baba muswada kwa sauti huku baba akisahihisha kurasa za majaribio.

Hebu fikiria mimi, msahihishaji, nasoma hayo saa nane za usiku kiwandani. Nilidhani nimeandikiwa mimi.

Na nisiseme uongo: miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri. Sitaki mtu asome makala hii aondoke na fikra kwamba kumfundisha mtoto wako nyumbani ni balaa tupu. Kuna asubuhi moja siwezi kuisahau. Tulikuwa tunachagua maharage kwenye ungo, kazi tuliyoachiwa na bibi yake. Mtoto akaanza kuyapanga sakafuni. Akaweka harage moja. Akalizungushia matatu kwenye pembe, likawa pande zote sawa, manne. Akazungushia matano, yakawa tisa, mraba tena. Akaongeza saba. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema taratibu, kama anayeogopa kukiamsha kitu: "Baba, kila mara zinazidi mbili. Na kila mara inakuwa mkeka." Mkeka ndilo jina alilolipa ule mraba. Nilijua kanuni hiyo tangu kidato cha pili: ukijumlisha namba witiri kwa mpangilio unapata vipeo vya pili. Sikuwahi kuiona. Siku ile niliiona, sakafuni, kwa maharage, na chakula cha mchana kilichelewa hadi bibi akapiga kelele.

Darasa lenye watoto tisini haliwezi kumpa mtoto asubuhi kama hiyo. Sikatai. Hata mwalimu bora wa nchi hii angekuwa na muda gani wa kumngoja mtoto mmoja anyamaze juu ya maharage?

Kasheshe ilianza na wageni.

Unajua tena nyumba zetu. Mgeni anakuja, hakuna soda ya kumpa, unampa mtoto. "Hebu mwambie anko, kumi na saba mara sita?" Mia moja na mbili. "Ala! Huyu mtoto wa nani?" Wangu. Nilikuwa nasikia raha mpaka kwenye visigino. Sikupata nafasi ya chuo kikuu mimi. Nilikosa kwa alama mbili, na alama hizo nilizilipa kila siku kwa kusoma makosa ya waliopata. Sasa kila mgeni alipofungua mdomo kwa mshangao niliona alama zangu mbili zinarudi.

Akaja mshikaji wangu tuliyesoma naye sekondari, siku hizi ni mtu mkubwa kidogo, ana gari. Nikamwita mtoto kutoka uani, alikuwa kwenye rede, jasho linamtiririka. Kumi na tisa mara saba? Akafikiri. Akasema mia moja ishirini na tatu.

Ni mia moja thelathini na tatu. Makosa ya kumi moja tu. Mshikaji alicheka, akasema hata yeye hajui, akampa mtoto noti ya elfu moja. Nami nilicheka. Lakini alipoondoka, nilimgeukia mtoto nikamwambia, kwa sauti ambayo hata mimi sikuwa naifahamu, ya chini, baridi: "Umeniaibisha."

Hilo tu. Sikumpiga. Sijawahi kumpiga. Akasimama na ile noti mkononi.

Kwa miezi kadhaa sikuona lolote, ila kwamba alikuwa ananyamaza zaidi na kufuta sana. Mpaka mama yake alipotoa godoro nje kulianika jua, akakuta karatasi chini yake. Zilikuwa kama arobaini, zimekunjwa ndogondogo. Zote ni hesabu zenye makosa. Alikuwa ananiletea zile alizopata, anazificha zile alizokosa. Mama mtoto hakusema neno. Alizipanga juu ya meza, mbele ya sahani yangu ya chakula, kama mtu anayetenga mboga.

Aliyesema ni mama yangu, bibi yake mtoto, ambaye shule aliishia darasa la nne na ambaye hapendi kuingilia ndoa za watu. Alisema: "Mwanangu, wewe ulipochapwa shuleni ulikuja kulia kwangu. Hata mara nyingine ulistahili, lakini ulilia, ukala, ukalala. Sasa huyu mwalimu wake ni wewe. Akikosea hapa, akimbilie wapi?"

Swali ndilo hilo. Nimelizungusha kichwani kwa muda mrefu sasa, na naona ni zito kuliko yale maswali tunayoyabishania kila siku kijiweni, kwamba shule za serikali zimechoka, kwamba za binafsi ni biashara, kwamba mtoto wa nyumbani atakosa marafiki. Marafiki atapata, uani kwetu wamejaa. Tatizo liko kwingine. Mwanafunzi na mwalimu wana mkataba: ukijua nakusifu, usipojua nakuonyesha kosa. Mtoto na mzazi hawana mkataba. Mtoto hapimwi kwanza ndipo apendwe. Sasa mtu mmoja anapovaa kofia zote mbili, mtoto wa miaka sita ataijuaje ni kofia ipi imevaliwa sasa hivi? Ukimwambia "hapana, siyo hivyo" juu ya kumi na tisa mara saba, kama mwalimu umesema neno la hesabu. Kama baba umesema nini? Na mtoto mwepesi wa akili ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu ndiye anayeusoma uso wako haraka kuliko anavyosoma gazeti.

Nilirudi kwa Mill nikiwa na macho mengine. Kumbe yote yalikuwamo, mimi niliyaruka. Yumo baba anayetisha, ambaye mwanawe, katika uzee wake, anamshukuru kwa akili aliyompa, lakini anakiri kwamba upole haukuwapo, kwamba watoto wake walimheshimu na kumwogopa zaidi ya kumpenda. Yumo mtoto wa miaka minane anayepewa kazi ya kumfundisha dada yake Kilatini na kubeba lawama dada asipojua. Imo pia ile siku ya kabla ya safari ndefu ya Ufaransa, mwaka 1820, kijana anakaribia kutimiza miaka 14. Baba alimtembeza katika bustani ya Hyde Park akamwambia kwamba huko aendako atagundua anajua mambo ambayo vijana wenzake hawayajui. Asijivune, maana sifa si yake, ni bahati ya kuwa na baba aliyeweza na aliyekubali kujisumbua.

Mara ya kwanza nilipiga mstari wa kalamu chini ya maneno hayo, nikaona ni somo la unyenyekevu. Mara ya pili nilihisi baridi. Baba yule alichukua kila kitu. Alichukua hata sifa.

Mwaka 1826, Mill akiwa na miaka 20, aliamka siku moja akajiuliza: mambo yote ninayoyapigania yakitimia leo hii, nitafurahi? Jibu likaja, hapana. Akaingia kwenye giza la miezi mingi. Na alianza kutoka kwenye giza hilo alipokuwa akisoma kitabu cha Mfaransa mmoja, Marmontel, mahali mwandishi anaposimulia kifo cha baba yake na jinsi yeye, mtoto tu, alivyoahidi kuwa kila kitu kwa familia. Hapo Mill alilia. Wataalamu wamefanya biashara kubwa na machozi hayo na mimi si mtaalamu. Ila nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikaenda kumtazama mtoto amelala.

Mwingine ni Norbert Wiener, Mmarekani, yule aliyekuja kuwa baba wa elimu ya saibanetiki. Baba yake, Leo, alikuwa mwalimu wa lugha za Kislavi pale Harvard, naye alimfundisha mwanawe nyumbani. Mtoto aliingia chuo mwaka 1906 ana miaka 11, akapata udaktari wa Harvard ana 18. Mwaka 1953 aliandika kitabu juu ya utoto wake, na humo anasimulia jinsi somo la aljebra lilivyoanza kwa mazungumzo mazuri kabisa, hadi kosa la kwanza. Kosa likitokea tu, baba mpole anatoweka, anakaa mtu mwingine kwenye kiti chake. Niliposoma hayo nilijua sauti aliyoisikia, kwa sababu ile ya kwangu, ya siku ya noti ya elfu moja, ilikuwa hiyohiyo. Na kuna linalouma zaidi. Mwaka 1911 gazeti moja la Marekani lilichapa maneno ya Leo kwamba wanawe hawakuwa na kipaji cha ajabu, ni malezi yake tu yaliyowafikisha pale. Norbert aliyasoma. Akapiga hesabu yake, na alikuwa hodari wa hesabu: basi nikishinda, ameshinda baba, nikishindwa, nimeshindwa mimi.

Hapa najua kuna msomaji ananyoosha kidole. Atasema: na wale mabinti wa Polgár je? Ni haki kuuliza. László Polgár wa Budapest aliamua hata kabla ya watoto kuzaliwa kwamba atathibitisha kuwa wajuzi wa ajabu hutengenezwa, hawazaliwi. Akawafundisha binti zake watatu nyumbani, akagombana na wakubwa wa serikali ya Hungaria ya wakati ule mpaka wakamruhusu. Mwaka 1991 binti mkubwa, Susan, akawa babu-mkuu wa sataranji, cheo cha juu kabisa cha mchezo ule, na mwaka huohuo mdogo wao, Judit, akakipata akiwa na miaka 15, mdogo kuliko Bobby Fischer alipokipata. Wamekua, wana familia zao, na wanamsema baba yao vizuri.

Kwa hiyo si kweli kwamba nyumba lazima iharibu. Lakini wanasimulia kwamba Susan akiwa mtoto wa miaka kama minne alikuta vipande vya sataranji ndani ya kabati, akadhani ni midoli, akauliza ni nini. Baba alikuwa na fikra za hisabati pia. Mtoto alishika farasi. Nadhani, na hii ni dhana yangu tu, kwamba sataranji ilimwokoa baba yule na lile swali la mama yangu. Ukicheza ukashindwa, aliyekushinda amekaa upande wa pili wa ubao. Baba anaweza kusimama nyuma yako. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya mwanangu, upande wa pili, nikamngoja akosee, kwa sababu kungoja makosa ndiyo kazi inayonilisha.

Washikaji zangu wa kijiweni wana hoja nyingine, na hii ndiyo ngumu. Wanasema: kipaji ni deni. Nchi maskini kama yetu haiwezi kumwacha mtoto mwenye akili namna hiyo acheze rede. Mungu kampa, taifa linamhitaji, wewe baba ni mtunza amana tu, sukuma. Mmoja wao, fundi redio, alisema kwa uchungu hasa, maana yeye mwenyewe ni kipaji kilichoachwa juani. Hakuwa na baba wa kukaa naye meza moja. Na kweli, tunapozungumzia watoto wanaofundishwa nyumbani tunazungumzia watoto wa watu wenye meza. Mimi meza yangu nimepewa na kazi ya usiku. Jirani yangu anayesukuma mkokoteni ana mtoto mwepesi kama wangu, huenda kuliko wangu. Ndiye yule mwalimu wa mwiko.

Lakini deni hilo nani alikopa? Mtoto hakutia sahihi popote. Huwa namfikiria William Sidis. Baba yake, Boris, daktari wa nafsi kule Boston, alimlea kwa mbinu zake na kuzitangaza. Mwaka 1909 mtoto aliingia Harvard ana miaka 11, na mapema mwaka uliofuata akawahutubia wanahisabati juu ya maumbo ya vipimo vinne. Alipokua aliyakimbia yote. Akafanya kazi za ukarani, akakusanya tiketi za tramu, akaandika kitabu kizima juu ya tiketi hizo mwaka 1926. Mwaka 1937 jarida moja kubwa la New York likamfukunyua, likamchora kama kichekesho. Alishtaki, mwaka 1940 mahakama ikasema kwamba umma una haki ya kujua yule mtoto wa ajabu aliishia wapi. Alikufa mwaka 1944 ana miaka 46. Watu huisimulia habari hii kwa kutikisa kichwa, ati kipaji kilipotea. Mimi nataka kuuliza, kilipotea kwa nani? Mtu mzima anapenda tiketi. Anajua kwa nini anazipenda. Hajamwibia mtu. Mbona tunamdai?

Halafu hapohapo nafsi yangu nyingine inaniambia: wewe, mwanao akifika miaka 30 anakusanya tiketi za daladala, utalala usingizi? Sitalala. Naandika haya nikijua kwamba sitalala.

Pia, nisisahau, huyu ni mtoto wa kike. Mama yake alinishtua siku moja. Alisema: "Baba watoto, unasema anasoma nyumbani. Mchana ukilala, nani anachota maji? Nani anamshikia bibi mtoto wa mpangaji?" Nikaanza kuhesabu. Katika saa tano za shule yetu ya nyumbani, moja na nusu ilikuwa ya kutumwa. Mtoto wa kiume angekuwa nyumbani anasoma. Wa kike yupo nyumbani, basi. Hilo Mill hakuliandika, ingawa yeye ndiye aliyekuja kuandika juu ya kutawaliwa kwa wanawake, mwaka 1869.

Umri wa darasa la kwanza ulipofika tukamwandikisha. Tangu Sheria ya Elimu ya 1978 mzazi wa nchi hii haulizwi kama anapenda, na siwezi kusema sheria ndiyo iliyonisukuma, wala kwamba shule imemfaa kuliko mimi. Wako tisini na nne. Safari hii nilihesabu mpaka mwisho. Anakaa sakafuni siku za zamu. Anajua karibu kila kitu kinachofundishwa, na anachoka, na mara mbili amerudi na alama ya fimbo mguuni kwa kosa la kuongea, nami nimekwenda kuonana na mwalimu na nimeongea kama baba. Tumbo linaniuma nikifikiri muda unaopotea mle ndani. Ila akichapwa anarudi nyumbani kulia. Analia kwangu. Mara ya kwanza alipofanya hivyo sikujua niweke wapi mikono yangu.

Ubao niliung'oa. Misumari ingali ukutani, anatundikia mkoba. Jioni akitaka kuniuliza kitu anauliza, asipotaka anakwenda uani. Bao anafundishwa na mzee wa chumba cha mwisho, ambaye akishindwa anatukana kete na akishinda anaimba, na hajawahi hata siku moja kumwambia mtoto kwamba ana akili.

Wiki iliyopita shemeji yangu alikuja kutoka Korogwe. Tukakaa, tukaongea mvua na mahindi. Mtoto akaingia kusalimia, shikamoo mjomba, marahaba. Shemeji akamshika bega, akanitazama kwa lile tabasamu: "Nasikia huku kuna profesa?" Mtoto naye akanitazama. Nilikuwa na swali tayari mdomoni, ishirini na tatu mara nane, nilikuwa naliona kabisa, limekaa kwenye ulimi kama punje ya karanga.

Nikasema: "Mama, hebu mletee mjomba maji ya kunawa."

Akaenda. Alichelewa kurudi, nadhani alipitia kwenye rede.